Gemu za vita za zamu: ipi ununue, na ipi inakuficha hesabu

Malalamiko yanayonifikia kuhusu gemu hizi yanarudi palepale. Msomaji wa Jinja ananiandikia kwamba askari wake kwenye XCOM 2 amesimama karibu na adui kiasi cha kumgusa na mtutu, skrini inasema asilimia 85, anabonyeza, risasi inapita pembeni. Anarudi alipohifadhi, anafyatua tena, inakosa vilevile. Msomaji mwingine, wa Arua, ameshusha ugumu hadi chini kabisa na sasa anashinda kila pambano, ila moyo haujatulia: anataka kujua kama ushindi ni wake au amehurumiwa. Wote wawili wanauliza wanunue ipi nyingine.

Michoro, muziki na hadithi nawaachia wengine. Mimi kabla ya kutoa pesa nauliza jambo moja ambalo haliandikwi kwenye kasha wala kwenye tangazo: nikichagua "rahisi" au "ngumu", ni nini hasa kinachobadilika? Na namba ninayoonyeshwa, ndiyo inayotumika?

Kwenye XCOM 2, gemu ya Firaxis iliyotoka Februari 2016, jibu linategemea umechagua wapi. Kuna ngazi nne: Rookie, Veteran, Commander na Legend. Kwenye zile za chini unaongezewa bahati kimyakimya. Unaona asilimia 70, kumbe hesabu inayopigwa ndani ni kubwa zaidi, na ukikosa mfululizo inazidi kukuinua. Ukifika Legend msaada umeondolewa wote, na hakuna mahali ulipoambiwa kwamba uliwahi kuwepo. Hii si siri ya kuvuja. Jake Solomon, aliyeongoza ubunifu wake, ameieleza hadharani, na sababu yake naielewa: mtu akiona 85 anasoma "hakika", akikosa mara mbili anaona kaibiwa. Basi wakaamua namba ifuate hisia za mchezaji.

Shida ni kwamba mchezaji aliyejifunzia Veteran amejifunza hesabu isiyo ya kweli. Amezoea kutegemea risasi ya asilimia 65, ameipangia mbinu, amemwacha askari wake nje ya kinga kwa kuiamini. Akipanda ngazi anauawa kikosi kizima na kujiona mjinga. Ugumu wa namna hiyo unakuondolea ngazi uliyokuwa umeipanda bila kujua ipo, halafu ukianguka unaambiwa hujui kupanda.

Kwa wa Jinja: mfululizo wa namba za bahati zinazoamua kila risasi nao huhifadhiwa pamoja na gemu. Ukirudi na kufanya yaleyale kwa mpangilio uleule, utapata yaleyale. Msogeze au mfyatulishe askari mwingine kwanza, huenda matokeo yakabadilika. Sijui kama hilo litakufariji.

Ugonjwa huu ni wa zamani. X-COM ya kwanza kabisa, babu wa XCOM 2, ya Julian Gollop na Mythos Games, ilitoka mwaka 1994 na hitilafu ya ajabu: uchague ngazi yoyote unayotaka, ukihifadhi na kufungua tena, gemu inarudi kwenye ngazi rahisi kuliko zote. Wachezaji hodari wakalalamika ni nyepesi mno. Watengenezaji wakawasikiliza, na mwendelezo wake, Terror from the Deep ya 1995, ukatoka ngumu ya kuumiza. Gemu nzima ilikazwa kwa sababu ya kitufe kilichokuwa hakifanyi kazi.

Sasa orodha yangu.

Namba moja ni Into the Breach, na hakuna ya pili inayoikaribia. Nawapendelea Subset Games na sifichi. Ni Justin Ma na Matthew Davis, walewale waliotoa gemu ya FTL mwaka 2012, na hii waliitoa Februari 2018. Uwanja ni miraba 8 kwa 8. Roboti wako ni watatu. Adui, wadudu wakubwa wanaoitwa Vek, wanakuonyesha watapiga wapi kabla hujagusa kitu.

Chukua zamu moja. Mdudu amesimama mbele ya jengo lenye watu, na alama inaonyesha jengo hilo ndilo atakalolipiga. Nyuma ya jengo, mraba mmoja kando, yuko mdudu mwenzake anayemlenga roboti wako. Ukimpiga wa kwanza ngumi hafi, lakini anasukumwa mraba mmoja. Bado anatazama kulekule alikokuwa akitazama, na pigo lake halighairiwi. Ukimsogeza yule wa pili akae mbele yake, zamu yao ikifika anamtwanga mwenzake na jengo linabaki limesimama. Mdudu wa tatu yumo ardhini, anataka kuchomoza. Mpaki roboti juu ya shimo, aumie kidogo, na mdudu hatoki. Hakuna ulipobahatisha. Ukishindwa, unajua ni hatua gani iliyokuponza, na unaweza hata kuirudisha zamu nzima mara moja katika kila pambano.

Na ugumu? Ukipandisha ngazi wanaongezeka wadudu na wanakuja wabaya zaidi, unawaona kwa macho pale uwanjani. Kanuni ni zilezile. Bahati iliyobaki unayoishuhudia ni moja: jengo likipigwa lina nafasi ndogo ya kustahimili, asilimia yake imeandikwa, na inafanya kazi kwa faida yako. Anayecheza omweso, bao la Kiganda, atajisikia nyumbani: mashimo 32, kete 64, zote wazi mbele yenu, na aliyeshindwa hana dadu wala kamari ya kusingizia.

Ina kasoro yake. Kuna zamu unakaa unatazama skrini mpaka chai ipoe kwa sababu hakuna jibu safi, ni kuchagua tu nani aumie. Wasiopenda hesabu wataichoka. Lakini haifiki hata GB 1, laptopu ya ofisini inaibeba, na bei yake kamili kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, ni dola 14.99, kama shilingi 55,000 za Uganda hivi. Punguzo likija inashuka sana. Mwaka 2022 iliingia pia kwenye simu kupitia Netflix, kwa wenye akaunti.

Namba mbili, Invisible, Inc. ya Klei, ya mwaka 2015. Wewe ni mkuu wa majasusi wanaovamia majengo ya makampuni. Hakuna asilimia ya kulenga. Kinachokubana ni kengele ya tahadhari inayopanda kila zamu, inaonekana juu ya skrini, na kila ikipanda daraja unaona kilichoongezeka. Ninachoipendea zaidi ni menyu ya ugumu: inakufungulia mitambo yenyewe, ubadilishe kipengele kimoja kimoja, pamoja na idadi ya mara unazoruhusiwa kurudisha zamu. Ukishinda unajua umeshinda nini.

Namba tatu nampa Tactical Breach Wizards, ya Agosti 2024. Wachawi wenye fulana za kuzuia risasi, wanarusha watu madirishani. Unaona matokeo ya hatua kabla ya kuikubali, na ukijuta unaifuta. Ni nyepesi kuliko zile mbili, na mazungumzo yake yanachekesha kweli kama Kiingereza kinakupanda.

XCOM 2 naiweka ya nne, na nasema hivyo huku nikiipenda. Ukiinunua, chukua pamoja na War of the Chosen ya 2017, kwa sababu ndani yake kuna chaguo za kuongeza muda wa misheni maradufu na kuongeza uhai wa askari na adui vilevile. Zile saa za kuhesabu zamu ndizo zilizowakimbiza watu wengi mwaka 2016. Anzia Commander ukiwa na hizo chaguo badala ya kushuka Veteran. Utapata unafuu ulioandikwa mezani.

Fire Emblem inahitaji mashine ya Nintendo, na bei ya Switch hapa Kampala inanikatisha tamaa kabla sijafika kwenye gemu yenyewe. Jua tu kwamba tangu 2002 nyingi za mfululizo huo zinachukua wastani wa namba mbili za bahati badala ya moja. Asilimia 70 unayoiona huwa zaidi ya 80 kwa kweli, na asilimia 20 ya adui huwa chini ya 10. Tamu, lakini ni ulaghai uleule.

Za bure? Battle for Wesnoth ni huria, asilimia zake ni za kweli, na itakukosesha usingizi kwa hasira. Polytopia inakaa kwenye simu. Tuendelee.

Maana Wesnoth ndiyo inayonileta kwa wauzaji. Kuna kibanda katikati ya jiji, mojawapo ya hivi vinavyokujazia filamu za VJ, zile zenye msimulizi anayezitafsiri, kwenye flashi, ambako niliuziwa diski yake kwa shilingi 20,000. "Nnyabo, hii ni orijino kabisa." Orijino ya kitu ambacho ulimwengu mzima unakipakua bila senti! Nilikuwa najua, nikalipa makusudi nione kilichomo: toleo la kale, na programu nyingine mbili zilizojisakinisha bila kubisha hodi. XCOM 2 zao ndizo mbaya zaidi. Nilizoziona hazikuwa na masahihisho hata moja, kwa hiyo unapigana na hitilafu zilizokwisha kurekebishwa miaka iliyopita, halafu unaniandikia kwamba gemu ni ngumu.

Najua kwa nini watu wanawaendea. XCOM 2 inataka nafasi ya GB 45, na bando linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, pale kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipoondolewa mlangoni ikarudi dirishani. Bei za Steam ziko kwa dola, na si kila kadi ya benki inapita. Kwa hesabu hiyo gemu ya GB 45 unailipia mara mbili, kwa mwenye gemu na kwa mwenye mtandao. Ndiyo sababu nyingine Into the Breach iko juu: unaipakua umekaa kwenye mkahawa wa Ntinda, soda haijaisha.

Subirini punguzo la mwishoni mwa Juni au la mwishoni mwa Desemba. Na Steam wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 ukiwa umecheza chini ya saa 2. Saa hizo zinatosha kujaribu jambo moja: anza kwenye ngazi rahisi, cheza pambano, kisha anza upya kwenye ngumu na utazame uwanjani kama unaona kilichobadilika. Usipokiona, rudisha.