Chujio la tangi la karantini: lipi ununue, lipi uliache dukani

Samaki mpya akifia karantini, yaani tangi dogo la kumtenga kabla hajaungana na wenzake, ndani ya wiki ya kwanza, pima amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, kabla ya kulaumu duka. Mara nyingi tangi lile liliwashwa siku ileile aliponunuliwa: kioo kipya, maji mapya, chujio jipya lisilo na bakteria. Chujio la namna hiyo linazungusha maji tu. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kutoka sifuri, na karantini nzuri yenyewe ni ya wiki 4. Samaki anamaliza kifungo chake kabla chujio halijaanza kazi.

Kwa hiyo unaponunua chujio la karantini, unanunua makazi ya bakteria yanayohamishika kutoka tangi kubwa kwenda dogo. Tumeyapanga machujio kwa kuuliza kama yanaweza kukaa tangi kubwa miezi bila usumbufu, kama yanavumilia umeme kukatika, na kama yanatupika bila mtu kuumia mfuko pale ugonjwa mbaya unapoingia. Nguvu ya kung'arisha maji hatukuihesabu. Tumechukulia tangi la lita 40 hadi 60, lisilo na changarawe, na samaki wa maji baridi (si wa bahari).

1. Sponji ya hewa

Pengo kati yake na ya pili ni kubwa. Ni bomba la plastiki lililovishwa sponji. Hewa ya pampu inaingia kwa mpira, mapovu yanapanda ndani ya bomba na kuvuta maji kupitia sponji. Haina mota ndani ya maji wala panga la kunyonya vifaranga vya guppy.

Kwa lita 40 tafuta yenye urefu wa sentimita 10 hivi, au ile ya vichwa viwili. Ya vichwa viwili tunaipendelea kwa sababu kila kichwa huchomoka peke yake: kimoja kinakwenda karantini, kingine kinabaki nyumbani. Matundu yawe ya kuonekana kwa macho. Sponji laini kama ya kuogea huziba mapema, na maji yakikosa njia bakteria wa ndani hukosa oksijeni. Ibonyeze dukani: ikibaki na alama ya vidole, iache. Kitako kiwe kizito, kwani sponji mpya imejaa hewa na huelea. Ikamue chini ya maji mpaka mapovu yaishe. Bomba la kupandishia mapovu likiwa refu huvuta maji zaidi, hivyo usilikate isipokuwa limetokeza sana juu ya maji. Ukiweka jiwe dogo la hewa, lile lenye vitundu vinavyotawanya mapovu, ndani ya bomba, kelele hupungua na mvuto huongezeka.

Ubaya wake ni mlio wa mapovu, na kwamba haikamati uchafu mwembamba. Kinyesi utakifyonza kwa mpira kila siku mbili, jambo ambalo kwenye karantini ungelifanya hata hivyo.

Umeme ukikatika ndipo sponji inapoonyesha thamani yake. Inabaki imezungukwa na maji ya tangi yenye oksijeni, na pampu ndogo ya USB iliyochomekwa kwenye pawabenki inairudisha kazini papo hapo. Kwa mtu anayeishi na mgao wa umeme, hoja hii peke yake inatosha kufunga mjadala.

2. Kiboksi cha kona

Nacho kinaendeshwa na hewa, ila unakijaza mwenyewe: vipande vya kauri chini, pamba ya chujio juu. Kinafaa mtu asiyetaka kuona sponji kwenye tangi lake la sebuleni. Vipande vya kauri unavitia kwenye kifuko cha wavu na kuvificha ndani ya chujio la tangi kubwa, kisha siku ya karantini unavihamishia kwenye kiboksi. Faida nyingine ni kwamba baada ya tiba unaweza kubadili pamba kwa mkaa maalumu wa chujio ili unyonye mabaki ya dawa. Pamba ikichafuka itupe. Bakteria wako wako kwenye kauri.

3. Chujio la ndani lenye mota

Linafanya kazi, lakini mkondo wake ni mkali kwa samaki aliyetoka safarini, hasa betta na goldfish wa mapezi marefu. Chagua lenye kidhibiti cha mkondo na lenye sponji halisi ndani, si kikasha cha karatasi. Hata ukiwa nalo utahitaji jiwe la hewa wakati wa tiba, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo na baadhi ya dawa huipunguza zaidi. Kama tayari unalo kabatini, litumie. Kulinunua jipya kwa ajili ya karantini ni kulipia usichokihitaji.

4. Chujio la kuning'inia ukingoni

Tatizo ni kikasha chake. Vingi vina mkaa ndani, na mkaa hunyonya dawa unayomwagia samaki. Tena maelekezo hukutaka ukibadilishe kila mwezi, yaani utupe bakteria pamoja nacho. Ukilazimika, toa kikasha na weka kipande cha sponji kilichokatwa kwa kipimo. Vile vile, aina ambayo mota yake iko juu ya usawa wa maji inaweza kushindwa kuvuta maji umeme unaporudi, ikazunguka kavu mpaka ikaungua.

Yasiyofaa kabisa

Chujio la nje la mtungi ni zuri kwa tangi la lita 300, si hapa. Lina kona nyingi za kujificha vimelea, na umeme ukikatika kwa saa kadhaa maji yaliyofungiwa ndani huishiwa oksijeni, bakteria huanza kufa, na likiwaka linamwaga uchafu uliooza juu ya samaki mgonjwa. Chujio la chini ya changarawe nalo linahitaji changarawe, mahali ambapo vimelea vya madoa meupe hushuka kuzaliana.

Vya kununua pamoja nalo

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu baada ya sponji, nunua kipimo cha matone cha amonia na nitriti. Vijiti vya kuchovya ni rahisi, lakini pakiti nyingi hazina amonia, nacho ndicho kipimo cha kwanza unachokihitaji. Soma namba yake pamoja na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Maji yakiwa na nyuzi 25 za Selsiasi na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ya sumu kali. pH 8 inafika asilimia 5 hivi. pH 9 inapita theluthi moja. Ndiyo maana wafugaji wa mbuna wa Ziwa Nyasa na samaki wa Tanganyika, ambao maji yao ni ya pH ya juu, hawana nafasi ya kuzembea. Miligramu 0.5 kwa lita, ambayo goldfish kwenye pH 7 ataivumilia siku mbili tatu, kwao ni hatari ya leo.

Pampu ya hewa ya lita 2 hadi 4 kwa dakika inatosha. Chukua yenye matundu mawili ili moja liendeshe sponji na jingine jiwe. Nunua na vali ya kuzuia maji kurudi. Ipulize kwa mdomo: hewa ipite upande mmoja tu. Bila vali, pampu iliyowekwa chini ya usawa wa maji inaweza kurudishiwa maji umeme ukikatika, na tangi likahamia sakafuni. Mpira wa kawaida una kipenyo cha ndani cha milimita 4. Uliza kama duka lina kiwambo cha akiba cha pampu hiyo, kwani ndicho kinachochakaa kwanza.

Hita ya wati 50 ni ya lazima Nairobi, Arusha au Mbeya. Dar es Salaam na Mombasa unaweza kuishi bila hiyo.

Kwa klorini ya maji ya bomba, fuwele za sodiamu thiosalfeti ni nafuu kuliko chupa yoyote ya rangi nzuri. Yeyusha gramu 10 katika lita 1 ya maji, kisha tia mililita 1 ya mchanganyiko huo kwa kila lita ya maji mapya. Kiasi hicho kinamaliza miligramu 1 ya klorini kwa lita na kubakiza ziada kidogo.

Bakteria wa chupa tumewaweka mwisho kwa makusudi. Bidhaa nzuri zipo, lakini bakteria hawa hawatengenezi mbegu za kujikinga kama baadhi ya bakteria wengine, na chupa iliyopikwa na jua ndani ya kontena haina tofauti ya kuonekana na iliyo hai. Wanunue kama nyongeza, kamwe si badala ya sponji iliyoiva, yaani iliyokwisha kujaa bakteria.

Kuivisha na kuhamisha

Weka sponji kwenye tangi kubwa wiki 6 kabla ya kununua samaki, na hewa iwe inapita muda wote. Sponji iliyolala pembeni bila maji kupita ndani yake hukusanya tope, bakteria wachache. Isafishe kwa kuikamua mara moja au mbili ndani ya ndoo ya maji ya tangi, wala si chini ya bomba.

Siku ya samaki, jaza tangi dogo nusu kwa maji ya tangi kubwa na nusu kwa maji mapya yaliyotolewa klorini, ili joto na pH visiruke. Bakteria wenyewe wako kwenye sponji. Maji ya zamani hayana wengi. Hamisha sponji ikiwa imelowa, dakika chache tu kabla. Usiiweke siku tatu mapema kwenye tangi tupu, itakaa njaa. Na kama sponji hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya uchujaji wa tangi kubwa, umechukua kupita kiasi: tangi kubwa ndilo litakaloyumba.

Mfuko wa samaki uelee dakika 15, kisha mvue kwa wavu na umwage maji ya mfuko. Kama amesafiri saa nyingi, usimdondoshee maji polepole kwa saa nzima. Ndani ya mfuko hewa ukaa imeshusha pH na kuifanya amonia isiwe kali. Ukifungua, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu.

Lisha kidogo, mara moja kwa siku, na pima kila siku kwa siku 7 za kwanza. Amonia au nitriti ikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha theluthi moja ya maji, ikifika 0.5, nusu. Nitriti ikionekana, gramu 1 ya chumvi kwa lita 10 husaidia kuizuia isiingie kwenye damu kupitia matamvua wakati unaendelea kubadilisha maji.

Dawa zinazoua chujio

Methilini buluu huwadhuru bakteria wa chujio. Itumie kwenye ndoo ya kuogeshea, sponji ikiwa mbali. Eritromaisini nayo inaweza kuyumbisha uchujaji. Ukiitumia, pima kila siku. Prazikwanteli ya minyoo ya matamvua haisumbui chujio kwa vipimo vya kawaida. Chumvi ya gramu 1 hadi 3 kwa lita huvumilika ikipandishwa ndani ya saa 24 hadi 48, lakini ukiimwaga yote kwa mkupuo bakteria watazubaa siku kadhaa. Mtu anayetia dawa tatu siku ya kwanza “kwa kinga” huishia kutibu sumu ya amonia akidhani ni ugonjwa. Tazama kwanza, tibu unachokiona.

Kumpeleka tangi kubwa

Baada ya wiki 4 bila dalili, kumbuka kwamba bakteria wa tangi kubwa wamezoea taka za samaki waliokuwepo. Ukiongeza samaki 10 kwa wakati mmoja, amonia itapanda siku mbili tatu mpaka waongezeke. Peleka nusu, subiri wiki, peleka waliobaki, na siku hizo punguza chakula cha wote. Kama hukutumia dawa yoyote na hakuna aliyeugua, sponji ya karantini iende nao, nayo ibebe sehemu ya mzigo.

Kama kulikuwa na ugonjwa, sponji isirudi kamwe ikiwa imelowa. Ilowe nusu saa kwenye sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 9 za maji, ioshwe, itiwe thiosalfeti mpaka harufu ya klorini iishe, kisha ianikwe juani mpaka ikauke hadi ndani. Kwa ngozi yenye kidonda tumia glavu, maana bakteria wa samaki aitwaye Mycobacterium marinum huingia kwa binadamu kupitia mchubuko. Wavu na mpira wa kufyonzea vya karantini navyo viwe vyake peke yake. Vitie alama ya rangi kabla hujaviloweka mara ya kwanza.