Kifurushi cha vinywaji kwenye meli ya kitalii: nani anunue, nani aache

Hesabu ya kifurushi cha vinywaji watu wengi huipiga wakiwa na kiu. Safari umeshailipia, imebaki miezi mitatu, na kichwani unajiona umejilaza kando ya bwawa la meli, bahari pande zote. Ndipo barua pepe ya kampuni inapoingia: bei moja kwa siku, kunywa utakavyo, punguzo linaisha usiku wa leo. Kwa dakika hiyo kila mtu anajiona mnywaji hodari.

Mimi nilinunua. Ilikuwa safari ya siku saba, na kufikia siku ya nne nilikuwa nakunywa kwa wajibu. Naagiza kokteli ya tano nisiyoitaka, naiacha nusu mezani, kisha naanza kuhesabu kwa vidole kama nimerudisha hela yangu au bado. Sikuwa nimerudisha. Tangu hapo napiga hesabu kabla ya kulipa, na hivi ndivyo ninavyoyapanga machaguo, kutoka linalowafaa wengi hadi la kukwepa.

Kwanza, vya bure

Kwenye meli nyingi kubwa nauli yenyewe inakupa maji ya bomba, chai, kahawa ya kawaida, maziwa, na juisi wakati wa kifungua kinywa. Kwenye bafe mara nyingi kuna pia maji ya limau au chai baridi. Maji ya bomba watu huyaogopa bure. Ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, au yaliyopakiwa bandarini, yakatiwa dawa na kupimwa, na ndiyo hayo hayo yanayopikia chakula unachokisifia. Beba chupa yako ya kujazia, na gharama moja imeshaondoka.

Baada ya hapo kampuni zinatofautiana sana. Disney Cruise Line haina kifurushi cha kunywa pombe bila kikomo, lakini soda za kwenye mashine ni bure, na kila mtu mzima anaruhusiwa kupanda na chupa mbili za mvinyo au bia sita, mwanzoni mwa safari na tena katika kila bandari. Royal Caribbean na Carnival huruhusu chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 kwa kila mtu mzima siku ya kupanda. Ukiipeleka mgahawani badala ya kuinywea chumbani, unatozwa ada ya kufunguliwa chupa. Viking hutoa mvinyo na bia wakati wa chakula cha mchana na cha jioni bila malipo ya ziada. Kwenye meli za kifahari kama za Regent, Silversea na Seabourn vinywaji vimeshaingia ndani ya nauli, kwa hiyo mjadala huu wote hauwahusu abiria wake.

Hesabu yenyewe

Kwenye meli kubwa zinazotoka bandari za Marekani, kifurushi kamili chenye pombe mara nyingi huwa kati ya dola 60 na 120 kwa mtu kwa siku. Bei hubadilika kutegemea meli, tarehe na hata siku unayoitazama. Juu yake huongezwa bakshishi ya asilimia 18 au 20, ambayo kwenye tangazo huandikwa kwa herufi ndogo.

Tuchukue dola 75. Bakshishi iweke kando kwanza, maana inaongezwa kwenye kifurushi na kwenye glasi moja moja vilevile, hivyo haiwezi kuamua kipi nafuu. Sema kokteli ni dola 14, glasi ya mvinyo 12, bia 8, kahawa ya espreso 5 na maji ya chupa 4. Kwa kokteli peke yake itabidi unywe sita ndipo uvuke dola 75. Kwa bia, kumi. Na hiyo ni kila siku, si siku ile moja unayoiwaza.

Hapo kwenye “kila siku” ndipo fedha inapopotelea. Kifurushi hununuliwa kwa safari nzima, huwezi kuchagua siku za kulipia. Siku ya kwanza unapanda mchana. Siku za bandarini unashuka asubuhi, unatembea juani, unakunywa chochote utakachokikuta nchi kavu kwa hela nyingine kabisa, na unarudi jioni umechoka, unataka kuoga na kulala. Bahari ikichafuka je? Dawa nyingi za kichefuchefu cha safari huleta usingizi, na pombe huuzidisha, kwa hiyo siku hiyo hunywi kitu. Dola 75 zimekwenda palepale.

Angalia mtu ambaye kwa kweli anapenda kunywa. Safari yake ina siku tatu za baharini na nne za bandarini. Siku ya baharini anakunywa kahawa mbili, maji ya chupa, bia moja na kokteli tatu: dola 64. Siku ya bandarini, kahawa moja, glasi ya mvinyo na kokteli moja: dola 31. Kwa wiki nzima ni dola 316. Kifurushi kingemgharimu 525. Ukirudisha bakshishi ya asilimia 18 pande zote mbili, ni dola 373 dhidi ya 620. Na huyu si mtu wa kunywa maji.

Sasa mpe mwenzi wa chumba. Ukipenda boga penda na ua lake: kwenye kampuni kadhaa kubwa, Royal Caribbean na Carnival zikiwemo, mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wengine wa chumba hicho nao wanatakiwa wanunue. Nia ni kuzuia kifurushi kimoja kisinyweshe watu wawili. Kama mwenzako hunywa glasi moja ya mvinyo Jumamosi kwa Jumamosi, gharama yako imekuwa mara mbili na unywaji umebaki uleule. Baadhi ya kampuni, ukiwapigia mapema na kueleza kwamba mwenzako ni mjamzito au hatumii pombe kabisa, humruhusu achukue kifurushi kisicho na kilevi. Uliza kabla ya kulipa. Kwa hiyo hesabu ya kweli ni ya chumba kizima kwa safari nzima. Ile ya “mtu mmoja kwa siku” iliyopo kwenye tangazo imekatwa vipande ili ionekane ndogo.

Na kuna mwili. Ushauri wa madaktari wa serikali ya Uingereza tangu 2016 ni kutozidi vipimo 14 vya pombe kwa wiki. Glasi tano za mvinyo za mililita 175 zinakaribia vipimo 11 na nusu. Anayetaka kurudisha hela ya kifurushi anaweza kumaliza vipimo vya wiki nzima kufikia siku ya pili.

Nafasi ya 1: Kulipia unachokunywa

Kwa wengi wetu hili ndilo la kwanza, na halina ujanja. Unaagiza, kadi yako ya chumba inagongwa, deni linaingia kwenye akaunti ya safari. Hatari yake ni moja: kadi haina uchungu wa noti, na bili ya mwisho inaweza kukutoa jasho. Tazama akaunti yako kwenye programu ya meli kila jioni, kama unavyotazama salio la simu.

Kuna njia za kuipunguza. Meli nyingi zina saa au matukio yenye vinywaji vya nusu bei au vya bure: uzinduzi wa maonyesho ya picha, hafla ya nahodha, mikutano ya abiria wa mara kwa mara. Kusafiri na kampuni ileile mara kwa mara nako hulipa. Royal Caribbean humpa mwanachama wa ngazi ya Diamond vinywaji vinne kwa siku bila malipo, na mtu mwenye vinne vya bure akinunua kifurushi analipia mara mbili. Wakala wako wa safari akikupa salio la kutumia melini, hilo nalo linakwenda baa.

Nafasi ya 2: Kifurushi kilichofungwa pamoja na intaneti na bakshishi

Hapa ndipo mtu mwenye mashaka anapoweza kupata faida. Kampuni ya Princess huuza Princess Plus, ambamo vinywaji vya hadi dola 15 kimoja, intaneti na bakshishi ya wafanyakazi vimewekwa kapu moja. Kama intaneti ungeinunua hata hivyo, na bakshishi ya kila siku ungeilipa hata hivyo, ondoa hizo mbili kwenye bei, kisha uangalie kilichobaki. Mara nyingi kinachobaki kinalipwa na kahawa moja, glasi ya mvinyo na kokteli moja. Hicho ni kiasi cha mtu wa kawaida.

Tahadhari iwe kwenye neno “bure”. Kampuni ya Norwegian kwa miaka mingi imekuwa ikiweka kifurushi cha vinywaji kama zawadi juu ya nauli, lakini bakshishi ya asilimia 20 inapigwa juu ya bei kamili ya kifurushi hicho, na mwenye kuilipa ni wewe. Inaweza kufika dola 20 na ushee kwa mtu kwa siku. Bado ni nafuu kwa anayekunywa. Kwa asiyekunywa, zawadi hiyo anaweza kuikataa na kubaki na hela yake.

Nafasi ya 3: Kifurushi kisicho na kilevi

Hiki watu hukipita bila kukitazama. Kina kahawa za espreso, juisi za kukamua, kokteli zisizo na pombe, maji ya chupa na soda, na bei yake huwa karibu nusu ya kile cha pombe au chini ya hapo. Mlevi wa kahawa, yule ambaye bila tatu kwa siku haongei na mtu, anakirudisha kabla jua halijatua. Vijana wasiofikia umri wa kunywa, ambao kwenye meli zinazotoka Marekani ni chini ya miaka 21, nao kinawafaa. Sharti la chumba kizima kwa kawaida halikigusi, kwa hiyo anaweza kununua mmoja tu.

Nafasi ya 4: Kifurushi kamili cha pombe

Sikukiweka mwisho, kwa sababu wapo kinaowafaa. Safari ya kuvuka Atlantiki, ambayo siku karibu zote ni za baharini, inabadilisha hesabu yote. Wapenzi wawili ambao wote hunywa kokteli, na si bia, wanakaribia. Na kuna mtu ambaye bili inamharibia likizo; huyo analipia utulivu, na utulivu una bei yake. Simkatazi, ila ajue kwamba ndicho anachonunua.

Ukiamua, soma masharti haya. Dari ya bei: Royal Caribbean hufunika vinywaji vya hadi dola 14, Carnival hadi 20, ukivuka dari, kampuni nyingine hukutoza tofauti tu na nyingine hukutoza kinywaji chote kwa punguzo. Kikomo: kifurushi cha Carnival, CHEERS!, husimama kwenye vinywaji 15 vyenye pombe kwa saa 24, kwa hiyo “bila kikomo” ni maneno ya matangazo. Kisiwa binafsi cha kampuni: kwenye vingine kifurushi kinafanya kazi, kwenye vingine hakifanyi, na huko ndiko kiu inakokuwa kali. Friji ya chumbani na chupa nzima za mvinyo kwa kawaida havimo. Na kumpa mwenzio glasi uliyoagizia kifurushi chako ni kosa linaloweza kukufutia kifurushi bila kurudishiwa hela.

Nafasi ya 5: Kifurushi cha soda

Kwa dola 10 hadi 15 kwa siku, unahitaji soda kama nne kila siku ili usipoteze. Watoto wanaweza, lakini ni nani anataka wafanye hivyo? Carnival inamruhusu kila abiria kupanda na makopo 12 ya soda yaliyofungwa; za chupa haziruhusiwi. Makopo hayo yanatosha.

Lini ununue

Kifurushi kilichonunuliwa kabla ya kupanda kwa kawaida ni nafuu kuliko cha melini. Zile ofa za “mwisho usiku wa leo” hurudi na kurudi. Royal Caribbean hukuruhusu kufuta na kununua upya bei ikishuka kabla ya safari, kwa hiyo ukikipata kwa bei unayoivumilia kishike, kisha urudi kuchungulia kila wiki, hasa kipindi cha mauzo ya Novemba.

Kama unasitasita, panda bila kifurushi. Kampuni nyingi bado hukiuza melini siku ya kwanza au ya pili na kukulipisha siku zilizobaki. Jioni ya siku yako ya kwanza ya baharini fungua akaunti, jumlisha vinywaji vya chumba kizima, ulinganishe na bei waliyobandika pale kaunta ya baa. Usifanye hesabu hiyo ukiwa umeshika glasi.