Fomu za Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti): uandike kila uga kwa mkono au ubadilishe kiolezo (template) kimoja?

Kuandika kwa mkono ni kuanza mara moja: unaweka lebo, kisanduku na ujumbe wa kosa pale unapotaka. Mbunifu akitaka jina na simu vikae mstari mmoja, dakika tano zinatosha. Hapo njia hii haina mpinzani.

Tatizo ni unachosahau. Niliwahi kusahau kuweka `form.non_field_errors`, yaani makosa yasiyo ya uga mmoja, kwenye fomu ya kujisajili. Mtu akiandika nywila mbili zisizofanana, ukurasa ulirudi vilevile, kimya, bila kosa lolote. Nilihangaika na `clean()`, sehemu inayokagua data ya fomu, karibu saa nzima, kumbe ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu.

Njia ya pili ni `FORM_RENDERER`, mpangilio wa mradi unaoamua fomu zinachorwaje. Tangu Django 5.0 kila uga una `as_field_group`, inayotoa lebo, kisanduku na makosa yake kwa pamoja, na sura yake inatoka `django/forms/field.html`. Weka `FORM_RENDERER` iwe `django.forms.renderers.TemplatesSetting` (inatafuta violezo vya mradi wako pia), ongeza `django.forms` kwenye `INSTALLED_APPS` (orodha ya programu za mradi), kisha andika `django/forms/field.html` yako kwenye folda ya violezo. Ukirekebisha hapo, fomu zote zinazotumia njia hiyo zinabadilika pamoja. Kwa matunzo inashinda mbali. Ila ukigusa na violezo vya wijeti (visanduku vyenyewe), kurasa za admin (sehemu ya usimamizi ya Django) nazo zinaweza kubadilika, na utashangaa.

Una fomu mbili tatu, kila moja na sura yake? Mkono unatosha. Zikifika ishirini zinazofanana, nisingethubutu. Na hakuna anayekukataza kuchanganya: kiolezo cha pamoja kwa nyingi, mkono kwa ile moja korofi.