Kikundi cha jogging cha Kinondoni: tathmini kwa mwenye sonona

Tathmini hii nimemwandikia mtu mwenye sonona isiyo kali ambaye, pamoja na matibabu anayopata hospitalini, anatafuta mahali pa kuushughulisha mwili na kukutana na watu. Kikundi ninachokieleza hukutana Viwanja vya Biafra kila Jumamosi na Jumapili alfajiri, na jina lake nimeliacha kwa kuwa baadhi ya wanachama walinieleza habari za afya zao kwa siri. Mchango wa mwezi ni shilingi 5,000, fulana hulipiwa mbali, na mgeni haulizwi kilichomleta.

Mbio huelekea Coco Beach, na wenye pumzi huendelea hadi Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, ambalo lina urefu unaozidi kilomita moja na njia za waenda kwa miguu pembeni. Kinachonifurahisha ni kwamba katibu hubaki nyuma pamoja na wanaotembea, maana sonona huufanya mwili kuwa mzito hata kabla mtu hajatoka kitandani, na anayeachwa peke yake barabarani harudi tena. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Siku hizi mbili hutoa sehemu nzuri ya muda huo, na mwanga wa asubuhi husaidia usingizi wa usiku kurudi katika saa zake.

Hata hivyo, thamani kubwa ya kikundi hiki ni desturi yake ya kufuatana majumbani. Sonona humfanya mtu ajifungie, na kadiri anavyojifungia ndivyo anavyozidi kukosa yale ambayo yangempa nafuu, kwa hiyo kumwambia “jitahidi utoke” hakumfikishi popote. Hapa, mwanachama asipoonekana, jirani yake hupita kupiga hodi. Asubuhi moja niliposhindwa kunyanyuka, dada mmoja wa mtaani kwetu aliketi barazani akaniita, “Mdogo wangu, leo hatukimbii. Vaa kandambili, tufike hapo mbele tu.” Tulifika, na siku hiyo nilikula chakula cha mchana.

Yako mambo mawili yanayonisikitisha. La kwanza ni bonanza za Jumapili, ambazo huanza kwa supu na chapati na kuishia kwenye bia hadi jioni. Pombe huvuruga usingizi na huzidisha sonona, na mtu aliyekuja kutafuta nafuu hapaswi kuona aibu kuondoka baada ya supu. La pili ni zito zaidi: yupo muuzaji wa virutubisho anayeruhusiwa kutandaza chupa zake mwisho wa mbio, zikiwemo za mmea wa Hypericum perforatum, unaojulikana madukani kama St. John's Wort, huku akiwaambia watu kuwa kitu cha asili hakina madhara. Mmea huo unaweza kweli kupunguza sonona isiyo kali, lakini hudhoofisha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na vidonge vya uzazi wa mpango, na ukichanganywa na dawa za sonona kama fluoxetine unaweza kuleta hali ya hatari. Muuzaji hamuulizi mnunuzi anatumia dawa gani. Viongozi wamwondoe, au wamtake mfamasia asimame naye.

Mwenye mawazo ya kujidhuru, au aliyeacha kula na kulala, asisubiri Jumamosi. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na Muhimbili wanayo idara ya magonjwa ya akili. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu mbio zimempa nafuu, kwani kuziacha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu na kurudisha ugonjwa. Azungumze kwanza na daktari wake.

Kwa wengine wote nakipendekeza kikundi hiki kwa moyo wangu wote. Mgeni aanze siku ya Jumamosi, ambapo watu ni wachache na hakuna bonanza, amtafute katibu kabla ya mbio kuanza, na amwachie namba ya simu na jina la mtaa anaoishi.