Mrejesho wa utrasaundi ya mapacha, nimepima sehemu mbili hapa Dar

Niliahidi nikijifungua salama naleta mrejesho, haya Kulwa na Doto wangu wamelala hapa pembeni (mmoja anajifanya tu) ngoja niandike harakaharaka.

Sehemu ya kwanza sitaji jina. Mimba ina wiki 12, iko karibu na home, elfu 20, foleni hakuna, dakika kumi nyingi nishatoka. Kaka anayepima kanipaka ile jeli ya baridi, kapitisha mashine mara mbili tatu, kasema hongera mama ni mapacha. Nikabaki nacheka kama chizi, hata swali sikuuliza. Karatasi imeandikwa mapacha, mioyo inapiga, basi. Nyota 2, moja ya bei na moja ya ile hongera.

Shughuli ikawa kliniki. Nesi, mama mtu mzima, kasoma ile karatasi akaigeuza nyuma kama kuna kitu kimedondoka. "Mwanangu, kondo la nyuma ni moja au mawili?" Namwambia sijui mama, kwani kuna tofauti? Akasema tofauti ni kubwa, nikapime tena kabla ya wiki 14 kupita maana mimba ikishakua hapaonekani vizuri.

Ndo nikaenda sehemu ya pili. Elfu 50, benchi la mbao masaa matatu, feni imekufa, choo usiniulize. Ila yule dada kazi anaijua jamani. Kanigeuzia skrini, nikaona kiuzi chembamba kama utando wa buibui kimewatenga watoto, akanyooshea kidole pale kinapogusana na kondo. Anasema wangekuwa na makondo mawili yaliyobanana pale chini pangetuna kama kipembetatu, sasa cha kwangu kimesimama wima kama herufi T, yani kondo moja ila kila mtoto ana mfuko wake wa maji. Akaandika vyote hivyo, na nani yuko chini kulia nani juu kushoto, ili atakayepima siku nyingine asiwachanganye.

Kwa nini inajalisha, ni kwamba kwenye kondo moja mishipa ya watoto inaungana humohumo, damu inaweza kumhama mmoja ikamjaa mwenzie, mmoja maji yanazidi mwingine yanakauka, na wewe mama unaweza usisikie chochote. Sio kila mtu, ni kama mimba 10 hadi 15 katika kila 100 za kondo moja, ila ndo maana unapimwa kila wiki mbili kuanzia wiki ya 16, wa makondo mawili wao kila wiki nne inatosha kama hakuna shida. Baba Kulwa akapiga hesabu kwenye simu, kutoka wiki 16 mpaka 36 ni mara 11, laki tano na nusu, akanyamaza kimya mpaka tunafika home. Bahati nzuri kwenye marudio wakatushushia mpaka elfu 35.

Na wale mnaosema makondo mawili basi watoto hawafanani, hapana. Niliuliza, mapacha wa yai moja, ndo wale wanaofanana, kama theluthi hivi kila mtu anakuja na kondo lake. Shangazi yangu mpaka leo hakubali, mwacheni.

Nilijifungulia wiki ya 36 kwa opresheni, wa kwanza alikuwa katanguliza makalio akagoma kugeuka. Kilo 2.3 na 2.1, vidonge vya damu nilimeza mpaka nikachoka na bado nilikuwa naishiwa damu.

Sehemu ya pili nawapa nyota 4, hiyo moja wataipata wakitengeneza feni. Muwahi saa moja asubuhi, mbebe maji na khanga ya kukalia.