Goloki la Martindale la 1966: uzoefu wangu baada ya misimu miwili shambani

Panga hili nalitumia tangu masika ya mwaka juzi, kwa hiyo ninayosema yametoka shambani Muheza, si kabatini. Ni panga la jeshi la Uingereza, kazi ya Martindale wa Birmingham, kiwanda kinachojulikana kwa alama yake ya mamba. Kwenye ubapa kumepigwa jina la kiwanda, mwaka 1966, na ule mshale mpana ambao Waingereza huutia kwenye mali ya serikali. Mimi mshale huo ndio ninaouangalia kabla ya chochote, maana panga la mamba la mkulima halina.

Umbo lake si la mapanga yetu. Ni goloki, panga fupi na nene la Wamalay, na Waingereza walipigana kwenye misitu ya Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) tangu 1948 mpaka 1960. Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki) walikuwapo huko pia. Kikosi cha tatu, cha Kenya, kilikwenda 1952. Langu limetengenezwa miaka sita baada ya vita ile kwisha, kwa hiyo halikuwafikia. Hata hivyo kila nikilishika nawawaza wale vijana wa kwetu waliopelekwa kupasua njia kwenye mianzi ya watu.

Na mianzi ndiyo kazi yake hasa. Ubapa una sentimita 33 tu, lakini mgongo ni mnene kama wa mapanga mawili ya dukani, na uzito umekaa mbele. Makali yamevimba kidogo pande zote mbili, kama ya shoka. Panga langu la kawaida likiingia kwenye tawi kavu la mchungwa hunasa, nikaanza kulitikisa kulitoa. Hili huingia, likapasua, likatoka lenyewe. Mwanzi mnene kama mkono wangu naukata kwa mapigo mawili ya mshazari. Kuni nazo nachanja bila kwenda kuchukua shoka.

Nyasi halifai. Ni fupi, unainama mno, na nyasi laini zinalala tu badala ya kukatika. Kama shida yako ni kufyeka, nunua fyekeo.

Kilichoniuma ni hali lilivyofika. Mdogo wangu anayeishi Leicester alilinunua kwenye mnada wa vitu vya zamani vya kijeshi kwa pauni 45 pamoja na ala yake ya turubai, akaja nalo kwenye begi la kukabidhi uwanjani, si la mkononi. Muuzaji alikuwa amelisugua kwa msasa mpaka likang'aa, nadhani ili livutie wateja. Amelivua lile tabaka la fosfeti, la kijivu kinachokaribia weusi, ambalo kiwanda kilitia kuzuia kutu. Mshale umebaki hafifu, unauona vizuri ukilielekeza juani. Na kwa unyevu wa kwetu, wiki ya kwanza tu madoa ya kutu yalikuwa yameshatokea.

Kosa jingine lilikuwa langu: nililihifadhi ndani ya ala. Turubai hunyonya maji na kuyashikilia kwenye chuma. Siku hizi naliosha, nalikausha, nalipaka oili ya cherehani, kisha nalitundika wazi. Ala ni ya safari tu. Mpini wa mti naupaka mafuta ya kitani. Vanishi inateleza mkono ukitoka jasho.

Kunoa ni tupa kwanza, kisha kinoo, nikifuata ule uvimbe wa makali bila kuulaza. Fundi mmoja jirani alitaka kulipitisha kwenye grinda, nikamkatalia. Chuma kikipata joto mpaka kikaingia rangi ya buluu, ugumu wake umekwenda, na hakuna tupa itakayourudisha.

Kwa kazi ya miti na mianzi silibadilishi na panga lolote nililo nalo. Kwa mkusanyaji, langu limeshapoteza sehemu ya thamani yake, na nimemwagiza mdogo wangu anitafutie jingine lenye weusi wake wa kiwandani, hata kama mpini umepasuka. Mpini nitachonga mwenyewe, kipande cha mninga kipo tayari.