Lenzi za macho za kipa wangu: maduka mawili Kisumu, moja ndio nitarudi

Kijana wangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, na ni kipa. Sasa kipa mwenye macho ya -4.50 kushoto na -3.75 kulia, yaani haoni mbali, ni stori ndefu. Miwani ilivunjika mara 3 kwa mwaka mmoja, ya mwisho ilivunjwa na goti la straika tukashukuru Mungu kipande hakikuingia jichoni, alafu akaamua atakuwa anadaka bila miwani. Nilienda siku ya michezo nikajionea. Kona ikapigwa, nikaona ametoka vizuri kabisa, amenyoosha ngumi, mpira ukapita kando kidogo tu ya hiyo ngumi ukaingia. Wenzake wakamwangalia, hakuna aliyesema kitu, na hiyo ndio mbaya zaidi. Jioni akaniambia, "Mama, ule mpira niliuona kama ukungu." Nikasema basi, tutatafuta lenzi, zile zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe.

Naandika hii juu nilitafuta mzazi wa kuniambia habari ya lenzi za macho za kijana hapa Kisumu nikakosa, nikaishia kulipa mara mbili.

Duka la kwanza silitaji jina. Ni duka zuri la miwani, vioo vinang'aa, kuna kiyoyozi, na vile jua la Kisumu lilikuwa linachoma siku hiyo nilikaa kwa kiti hata kabla niambiwe karibu. Jamaa wa kaunta akaomba karatasi ya miwani, ile ya mwaka jana, akaisoma, akaingia nyuma akarudi na maboksi ya lenzi za mwezi mmoja mmoja. Mtoto hakuangaliwa jicho hata dakika moja. Nikauliza kama zitamtosha, akasema, "Hizi saizi ni moja Mama, zinaingia kila mtu." Ksh 3,200, pamoja na chupa ya maji yake na kale kakopo ka kuzilaza. Nikauliza zinavaliwaje, akaniambia ziko video nyingi YouTube. Nikatuma M-Pesa nikaenda. Na hapo ukweli usemwe, kosa ni langu pia, nilikuwa nimefurahia bei.

Zilikaa siku 4. Siku ya 4 kijana akaamka jicho la kushoto jekundu, linatoa machozi, hawezi kuangalia dirishani. Tukakimbia kwa daktari wa macho, akaweka ile dawa ya rangi ya kuonyesha kidonda, akaangalia na taa, akasema bahati yetu hakuna kidonda, jicho limekwaruzwa tu na kukasirika, apumzike wiki 2 bila lenzi yoyote. Alafu akauliza, "Mnaziosha na nini?" Nilikuwa nayo kwa mkoba, nikatoa. Akaigeuza chupa akaweka kidole pale kwa maandishi madogo. Salini. Yaani maji ya chumvi, ya kusuuza tu, hayaui kitu! Mtoto amekuwa akilaza lenzi usiku kucha kwa maji ya chumvi, asubuhi anarudisha vijidudu vya jana kwa jicho. Dawa ya kweli ya lenzi inaandikwa kwamba inaosha na inaua vijidudu, hizi za kina Renu, Opti-Free, Biotrue. Chupa zinafanana sana kwa macho ya mtu hajui, kwa hivyo soma maandishi, usiangalie rangi ya chupa.

Ni yeye pia alinieleza kwamba karatasi ya miwani si karatasi ya lenzi. Miwani inakaa mbali kidogo na jicho na lenzi inalala juu ya jicho lenyewe, kwa hivyo namba ikishafika kama 4 inabadilika. Ile -4.50 ya kushoto kwa lenzi inakuwa -4.25. Ya kulia ikabaki -3.75 vile ilivyo. Na kwa boksi kuna namba zingine ambazo mimi nilidhani ni za kiwanda, BC na DIA. BC ni ule mviringo wa mgongo wa lenzi, DIA ni upana wake kwa milimita. Mviringo usipoendana na jicho lenzi inabana ama inateleza ovyo. Sasa ile "saizi ni moja" ilitoka wapi?

Duka la pili nililipata kupitia jirani. Hilo utapanda ngazi nyembamba, hakuna kiyoyozi, kuna feni ya dari inayopiga kelele kama posho mill, na ukiingia utaona msichana mdogo ambaye mimi nilidhani ni wa mapokezi nikamwambia tafadhali tuitie daktari. Akacheka. Ndiye. Alisomea mambo ya macho Masinde Muliro, kule Kakamega, na kama hamjui, hiyo chuo inatoa digrii ya optometria, si lazima mtu awe ametoka Nairobi.

Kitu cha kwanza alinipita mimi kabisa akageukia kijana. "Lenzi unazitaka wewe ama anazitaka mama?" Nikataka kujibu akaninyamazisha na mkono kwa heshima. Kijana akasema ni yeye. Akamuuliza kama macho yanamwasha wakati wa vumbi, kama huwa anayasugua, kama ana pumu, shuleni wanaoga na maji ya wapi, na mikono wanaosha kwa bomba ama kwa beseni. Hilo swali la beseni ndio nilianza kumheshimu. Baadaye akapima mviringo wa jicho na mashine, akageuza kope ndani nje akaangalia (nilitazama ukutani), akamvalisha za kujaribu, akatuambia tukae dakika 20. Ile lenzi ikitulia kabisa bila kusonga mtu akipepesa inamaanisha imebana, ikicheza sana imelegea. Zake zilisonga kidogo tu, sawa. Kupima na kufundishwa Ksh 1,500 na hiyo pesa siijutii.

Sasa masomo. "Hutoki hapa na lenzi mpaka uvae na utoe mara 3 wewe mwenyewe, mama asikuguse." Akafungua droo akatoa kikata kucha, kijana akakata hapo hapo mbele yetu, aibu yote. Sabuni isiyo na mafuta wala manukato, mikono ikauke kabisa, taulo isiyotoa nyuzi. Lenzi kwa ncha ya kidole ni kama tone la maji lenye rangi ya buluu kidogo, unainua kwa mwanga uiangalie kutoka upande. Ikisimama kama bakuli iko sawa, ukingo ukifunguka nje kama kisosi imegeuka, igeuze. Kijana akaleta kidole, jicho likafunga. Akaleta tena, likafunga. Mtu anadaka penalti haogopi lakini kidole chake mwenyewe anakitoroka! Daktari akamwambia wacha kuangalia kidole, angalia ile feni. Ya tatu ikaanguka kwa suruali, akainama kuiokota, daktari akaichukua akaitupa kwa pipa. "Iliyoanguka imekufa." Mimi nahesabu pesa kichwani.

Dakika 40 hivi ikaingia ya kwanza. Akapepesa, akatazama nje dirishani, akasoma bango la ng'ambo ya barabara neno kwa neno mpaka namba ya simu chini. Akanyamaza. Mimi pia.

Kutoa ndio ngumu zaidi kuliko kuvaa, hilo hakuna mtu huwa anasema. Unaangalia juu, unaiteremsha na kidole mpaka kwa weupe wa jicho, unaibana polepole na nyama ya vidole viwili, si kucha. Nyanyake aliposikia alisema itarudi nyuma iingie kwa ubongo, na mimi nakiri nilikuwa na hiyo hofu kimyakimya, lakini ngozi ya ndani ya kope imeungana na jicho huko nyuma, imefunga, lenzi inaweza kujificha chini ya kope lakini haina njia ya kupita.

Alafu tukaja kwa swali la pesa, za kila siku ama za mwezi. Nilikuja nimeamua za mwezi, ni rahisi, lakini yule daktari akachukua kalamu. Ya mwezi ukiifungua leo siku 30 zinaanza kuhesabiwa leo, uivae mara 30 ama mara 12, mwezi ukiisha inatupwa. Na kila usiku inataka dawa mpya kwa kopo, si kuongezea juu ya ile ya jana, kuisugua, kopo kuanikwa wazi likauke, na lenyewe kubadilishwa kila miezi 3 hivi. Haya, niambie kijana wa bweni, maji yamepotea siku mbili, taa zimezimwa, atafanya hayo yote? Hawezi. Na akikosa ataosha na maji ya bomba ama mate, na maji yoyote, ya bomba, ya tangi, ya ziwa, yanaweza kuwa na amiba, kijidudu kinachoweza kula kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, mpaka mtu apoteze kuona. Za kila siku unavaa, unacheza, unatoa, unatupa. Yeye anazihitaji mazoezi na mechi tu, kama siku 12 kwa mwezi, darasani abaki na miwani. Tulichukua 1-Day Acuvue Moist, BC 8.5, boksi ya lenzi 30 kwa Ksh 3,800, na kwa sababu macho hayafanani ni lazima maboksi 2, Ksh 7,600, zinamtosha miezi miwili na nusu. Ukigawanya ni kama 3,000 na kitu kwa mwezi. Si pesa kidogo, nimeacha kusuka nywele salon sai nasukwa na dada yangu. Lakini miwani 3 kwa mwaka nayo ilikuwa bei gani?

Ushauri mdogo hapo, maboksi ya kulia na kushoto yanafanana kama mapacha, namba tu ndio tofauti. Nikamwambia kijana aandike herufi ya kwanza juu ya kila boksi. Akaandika K. Na ile nyingine? K. Kulia, kushoto! Tulicheka mpaka akachora glavu kwa moja na goli kwa nyingine.

Lawama zangu kwa hili duka la pili, juu si malaika. Namba zake hawakuwa nazo, oda ilichukua siku 9, na nililipa pesa yote kabla. Zilipokuja boksi moja ilikuwa -4.75 badala ya -4.25, ningebeba tu kama kijana hangesoma boksi hapo kaunta, tukangoja siku zingine 5 na mechi ya kwanza ikapita. Daktari aliomba msamaha vizuri, lakini nauli ya bodaboda kutoka Mamboleo hakurudisha. Na akiwa hayuko hakuna mwingine wa kufundisha, wanakuambia rudi kesho, kwa hivyo piga simu kwanza.

Likizo ndio tulipata ajali ya nyumbani. Kijana alikata pilipili za kachumbari, akaosha mikono na sabuni, tukala, saa nne hivi akaenda kutoa lenzi. Mayowe niliyosikia nilidhani ni nyoka. Sabuni haimalizi pilipili kwa vidole, jamani. Nilimshikia kichwa chini ya mwanga mpaka akatoa zote mbili analia kama mtoto wa nasari, tukasuuza macho, lenzi zikaenda kwa pipa. Sasa siku ya lenzi hakati pilipili, na naona amefurahia hiyo sheria sana.

Sheria zingine aliandikiwa na daktari kwa karatasi, imebandikwa ndani ya sanduku lake. Halali nazo hata kidogo, hata kwa matatu ya kurudi shule, juu kioo cha jicho hakina damu kinapata hewa yake kutoka nje na ukilala nazo kinakosa pumzi. Haogi nazo, haogelei nazo, ziwani Dunga akienda na binamu zake anavaa miwani anakaa kwa mawe. Jicho likiwa jekundu, likiuma ama likiogopa mwanga, anatoa na haendi kuuliza rafiki, anaenda kwa nesi wa shule na ananipigia. Hamkopeshi mtu, na hii niliiona ni mzaha mpaka akaniambia wako wasichana kwa shule jirani wanabadilishana zile lenzi za rangi za elfu moja, leo mimi kahawia kesho wewe kijani. Wazazi wa hao wasichana, angalieni mikoba.

Muhula huu amedaka mechi 5. Wamefungwa mbili, na bado anafungwa kona za juu, kumbe hiyo haikuwa macho pekee. Maboksi yaliyobaki yataisha kabla shule ifungwe, nimeshaagiza mengine, na safari hii nimemwambia daktari anisomee namba kwa simu kabla nipande boda.